Taa ya Jikoni

Sisi wa jiji hili tumefunzwa tangu utotoni:
sakafu ikienda, tazama taa.
Taa ikiwa tuli, ni wewe.
Taa ikicheza, ni ardhi; vaa viatu ushuke.

Mimi Eduviges, mshona sare za shule,
ghorofa ya nne, mtaa wa Portales, jijini Mexico,
nimeitazama taa yangu mwezi huu
kuliko nilivyomtazama marehemu Crisóforo
kwa miaka thelathini na moja ya ndoa.

Siku ya kwanza nilikuwa natunga uzi.
Tundu la sindano likawa mawili, likawa matatu,
vigae vya sakafu, vyeusi kwa vyeupe,
vikaanza kubadilishana viti.
Nikainua macho.
Taa, kimya. Hata utando wa buibui haukutikisika.
Basi ni mimi.

Kidonge chenyewe kidogo, cheupe,
kina mstari katikati kama pindo la fundi mvivu.
Nilipewa badala ya kile cha zamani
kilichonivuruga tumbo.
Nakimeza alfajiri kwa maji matupu,
nainamia cherehani mpaka jua lifike dirishani:
sketi kumi na mbili, za buluu, marinda mapana.
Kula nakuahirisha,
maana siku hizi kila sahani inanisomea mashtaka.

Fulani ana sukari, watu husema.
Ungedhani ana duka.
Mama yangu alikuwa nayo, akaifunika kwa maneno:
ni joto tu, ni uchovu tu, ni husuda ya jirani.
Alianguka sokoni katikati ya mapapai,
wakasema amelewa.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Niliona haya kabla sijaona huruma.
Hilo sijamwambia mtu.

Jumanne binti yangu Nieves alinikuta
nimeukumbatia mlango wa friji, jasho jembamba shingoni.
"Mama, limepita tetemeko?"
"Hapana. Taa imesimama."
Akanichoma kidole. Kijimashine kikawaza, kikawaza,
kikatoa hamsini na nane.
Akaninywesha juisi ya chungwa
huku akinishikia kidevu, kama mtoto.

Daktari Zaldívar ni kijana, shati halijapigwa pasi.
"Kabla ya kidonge, unakula nini?"
"Wasiwasi," nikamjibu.
Hakucheka. Aliandika.
Akakikata kidonge nusu
(kumbe mstari wa mvivu una kazi),
akasema: chakula na dawa waende pamoja;
ukiinuka, inuka kwa vituo;
kisunzi kikija, kaa, pima, tia kitamu mdomoni.
Kitamu!
Mtu aliyeninyang'anya mikate ya sukari
ananiandikia peremende.

Ijumaa, saa saba mchana.
Nilikuwa nimekula: tortila mbili, maharage, yai.
Sakafu ikaenda.
Mtiifu mimi, nikakaa.
Nikamenya peremende ya limau, nikajipoza:
taratibu, Eduviges, itapita.
Mkasi ukatembea wenyewe mezani, ukaanguka.
Ndipo ving'ora vikalia mtaa mzima
na nikakumbuka kuangalia juu.

Taa ilikuwa inakwenda ukuta hadi ukuta.

Mungu anisamehe, nilifurahi.
Si mimi! nikapiga kelele, safari hii si mimi!
Nikashuka ghorofa nne na tondoo kidoleni,
peremende shavuni, viatu vya miguu tofauti.

Barabarani majirani wamepauka kama unga,
wameshika vichwa, wameshika nguzo, wameshikana.
Mimi nimesimama katikati yao
kama baharia aliyezoea.
Don Refugio wa ghorofa ya pili, mdomo mkavu,
akanong'ona: "Dunia imetulia, mimi bado nazunguka."

"Kaa chini," nikamwambia. "Usiinuke kwa pupa."
Nikachovya mkono mfukoni mwa aproni.
Akaimung'unya huku macho kayafumba,
halafu akauliza kama ninayo nyingine.