Tabaka la Kumi na Mbili

Juni, na bonde la Huon limo kwenye kipupwe.
Dirisha la banda lilitokwa jasho,
hita ikikoroma kama mtu aliyelala chali.
Nilivaa miwani, nikaacha mlango wazi nusu,
maana mvuke wa gundi ile hauna adabu:
huingia machoni bila kubisha hodi.

Mti ulikuwa mtufaha, Garnet.
Si mtufaha wowote. Ule wa safu ya tisa,
uliozaa upande mmoja tu,
uliompasua baba nyusi mwaka wa mvua ya mawe.
Ulipoung'oa kwa trekta nilificha pande darini,
likakauka miaka mitatu pasipo kuulizwa.

Nililikereza hadi wembamba wa kidole cha kati.
Nikapiga msasa, mia mbili, mia nne, mia sita,
mpaka mkono ukashindwa kujua
ngozi inakoma wapi na mti unaanzia wapi.

Kisha gundi. Matone mawili kwenye karatasi laini,
si matatu.
Kerezo lizunguke polepole, mkono uende, urudi,
uondoke. Uondoke!
Ukisita, karatasi inaolewa na kalamu
na ndoa hiyo haina talaka.

Tabaka la kwanza, mti ulilinywa.
La pili, ulilinywa.
La tatu ukasita kidogo, kama mgeni aliyeshiba
asiyejua namna ya kukataa.
La nne ndipo mishipa ilipoamka chini ya kioo,
hudhurungi, na mstari mmoja mwekundu
ambao sikuwahi kuuona tulipokuwa tunaupogoa.

Nilikuwa kwenye la saba simu ilipolia.
Bi Quilliam, wakili: "Ijumaa saa nne, sawa?
Wenye cheri watakuja na hundi."
Sawa, nikasema. Sawa, sawa.
Nikarudi, nikapuliza dawa ya kukausha
mara mbili pale panapotaka nusu.
Mbele ya macho yangu kalamu ikaota mtoto wa jicho:
ukungu mweupe, ndani kabisa, usiofutika.

Nilikaa juu ya ndoo.
Nilitukana kwa maneno ya mama, yale ya jikoni.

Hakuna dawa ya ukungu huo ila kurudi nyuma.
Msasa mkali, vumbi jeupe kwenye nywele,
tabaka saba kushuka hadi mti mtupu,
na mti ukawa mwembamba zaidi kwa unywele mmoja.
Nikaanza upya. Moja.
Sikuhesabu kwa sauti.

Kufikia la kumi na mbili ilikuwa usiku,
kidole gumba kimeganda ganzi chini ya ngozi ya gundi
(siku nne sikuwa na alama ya kidole;
ningeweza kuiba benki).
Nikasugua kwa maji, nikang'arisha,
nikagonga pete za chuma, zikaachia: ta!
Uso wa taa ukasimama juu ya mti
bila kutetemeka.

Nilikupa Alhamisi. Ulijaribu nyuma ya bahasha,
ukaandika: kamba, chumvi, betri za redio.
"Inaandika," ulisema.

Na Ijumaa ukasaini kwa kalamu ya plastiki ya Bi Quilliam,
ile iliyofungwa kwa mnyororo mezani.
Yetu ilikuwa mfukoni mwako, juu ya moyo,
nikaiona klipu yake, nikanyamaza.
Ulisaini mara sita. Mtu wa cheri akakushika mkono.

Ndani ya gari hukuwasha injini.
Uliitoa, ukaizungusha kwenye viganja
kama tunavyofuta tunda kabla ya kuling'ata,
ukaipeleka puani.
"Haina harufu."

"Ni gundi," nikasema. "Imo ndani."