Jirani Asiyeandikwa

Simu nne nimezifunga kwenye dashibodi kwa mpira mweusi wa tairi.
Zinapigiana zenyewe kwa zenyewe,
hazina la kusema ila sauti ya mtu aliyerekodiwa zamani
akihesabu moja hadi kumi, akivuta pumzi, akirudia.
Kazi yangu ni kuendesha polepole
na kusikiliza pale atakapokosea kuhesabu.

Kutoka Mamboleo tunapanda. Ziwa linabaki kwenye kioo cha nyuma,
mnara wa Riat umetushika bega,
na wa Kiboswa unanyoosha mkono kabla huu haujalegeza.
Ndivyo ipasavyo: shika kwanza, ndipo uachie.
Mimi mwenyewe sikufanya hivyo.
Ijumaa nilirudisha funguo za nyumba ya Shabab, Nakuru,
Jumamosi nikafika Kisumu na godoro na jiko la gesi,
wiki tatu nikalala sebuleni kwa binamu yangu Asava,
huku sijafika, kule nimeshatoka.

Tano, sita, saba,

kimya.
Pale pale. Kona ya mikaratusi, ukishapita Kiboswa, Majengo bado.
Mara ya tisa wiki hii.

Kuna mama anauza ndizi hapo, Rhoda Mideva,
na kando ya ndizi, kadi za muda wa maongezi.
"Hapa watu hukatika," aliniambia, kama anayetaja mvua.
Huteremka pikipiki wakitikisa simu,
haloo, haloo, wanaitukana kampuni, wanadhani salio limeisha,
wananunua la hamsini, na kwa kuwa wameshasimama, ndizi pia.
"Juzi mmoja alikuwa anamtongoza msichana wa Luanda.
Alipompata tena, msichana ameshaghairi."
Tukacheka. Nikanunua ndizi sita.

Usiku, ofisini, nikafungua orodha ya majirani.
Kila mnara una orodha yake:
majina ya minara inayoweza kukabidhiwa mtu anayeondoka.
Kuna na masharti. Usimhamishe kwa kunong'onezwa tu;
jirani awe amekuzidi kwa desibeli tatu,
na azidi kwa muda, si kufumba na kufumbua,
la sivyo mtu atarushwa huku na huku kama mpira wa makaratasi
hadi betri imfie mkononi.
Yote hayo yalikuwa sawa.
Ila mnara wa Kiboswa, unaotazamana na wa Majengo kila usiku,
taa nyekundu kwa taa nyekundu, bonde moja tu kati yao,
haukuwa na jina lake.
Fundi fulani, miaka minne nyuma, alichoka akaruka mstari.
Basi ukawa unamsikia mwenzake, kwa sauti kubwa, safi,
na hauwezi kusema: mpokee.
Ukamng'ang'ania mtu mpaka uzi ukakatika.

Niliandika jina. Tarakimu tano. Nikanywa chai iliyopoa.

Kesho yake: tano, sita, saba, nane,
mikaratusi ikapita dirishani,
tisa, kumi, akavuta pumzi.
Nilitaka kupiga honi. Nani angejua ni ya nini?
Mbele yangu abiria wa pikipiki alikuwa akiongea,
simu ameibana kati ya sikio na bega,
akaipita kona asijue amebadilishiwa mikono,
sentensi yake ikiwa nzima.

Nilisimama. Mama Mideva alikuwa amekaa, kadi zimepangwa vizuri mno.
"Leo watu hawateremki," alisema. "Kuna nini?"
Nikanunua ndizi kumi na mbili nisizozihitaji.
Nikanunua na kadi.
Mlango wa gari niliuacha wazi, simu zangu bado zinahesabiana,
naye akasikiliza kidogo, akauliza
huyo mwanamume anahesabu nini,
na je, upande wa pili kuna mtu?