Mshono

Winnipeg, Januari. Nje, nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Mimi nimo chini ya bweni la wasio na makao,
chumba cha mashine za kufulia,
napindua suruali ya Norbert Ducharme nje-ndani.

Wamo. Si nyweleni: mshononi,
pale uzi unapokumbatia uzi,
kama ufuta uliomwagika ukakosa wa kuuzoa.
Na mayai, kila moja limegandishwa
kwa gundi ya mama yake.

Chawa wa nguo halali mwilini. Hilo nimejifunzia hapa.
Amepanga kwenye pindo;
hutoka mara kadhaa kwa siku kwenda mezani,
akishiba anarudi.
Mwili ukiwaka homa, anahama.
Mwili ukipoa kabisa, anahama pia.

Kwetu siku hizi chawa ni yule
anayewaganda wakubwa kwa sifa.
Tumemwonea mdudu.
Huyu hakumsifu Norbert hata mara moja.

Wala si kuuma kwake kulikomwangusha.
Ni kinyesi, vumbi jeusi tu,
likaingizwa na ukucha wake mwenyewe
akijikuna usingizini.
Homa leo, nafuu, kisha siku ya tano homa tena,
kama mdai anayejua tarehe ya mshahara.
Miundi ikamuuma hadi akatembea kwa kushika kuta.
Muuguzi Oksana akamsikiliza kifuani,
akanyamaza, akasikiliza tena:
mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa.

Norbert akasema, afadhali huo.
Mingine yote ya mji huu inafunga vizuri mno.

Kidole kimoja hakivunji chawa:
shuleni niliiandikia insha, nikasifiwa,
sikuwa nimemwona mwenye kidole kimoja.
Mkono wa kushoto baridi iliumaliza mwaka juzi;
wa kulia limebaki gumba.
Nilimkuta ukingoni mwa kitanda
anambana mdudu kwa gumba lile kwenye chuma,
anateleza, anarudia, anateleza.

Nikaweka ukucha wangu upande wa pili.
Tk.
Tukatazama kile kidoa chekundu,
damu yake, kwenye kucha za watu wawili.
Mwingine, akasema.

Sasa anangoja juu, amejifunika blanketi,
nguo zake zote duniani zinazunguka mbele yangu
kwenye moto wa juu kabisa.
Vidonge vya wiki nne vimo kwenye bahasha.
Saa mbili asubuhi tunafunga.

Kabla ya basi langu,
nasimama chini ya taa ya ngazi,
napindua mkono wa sweta,
nasoma mshono.