Kamba Mguuni

Mayai kumi na mawili nilimwekea Kishungi,
yakaanguliwa manne.
Simlaumu. Aliatamia siku ishirini na moja
akinitazama kama karani wa benki,
akinyanyuka mara moja tu kwa siku: anywe, anye, arudi.
Yale manane niliyapasua nyuma ya choo,
mengine maji matupu,
mengine kifaranga ameshaumbika,
nguvu zimemwishia, mdomo uko kwenye ganda.

Nikafungua daftari.
Nasaba ya banda langu ni fupi
kuliko foleni ya maji hapa Uthiru:
baba ndiye mjomba, mjomba ndiye babu.
Miaka tisa nimefuga kuchi kwa wivu,
jogoo wa jirani sikumruhusu hata kuchungulia uani,
sasa damu imezunguka mpaka imejikanyaga.

Mwenye damu nyingine ninamjua.
Anaitwa Musembi, anakaa Njiru, karibu na machimbo ya mawe,
na mwaka jana pale Jamhuri alinishinda.

Diwani wangu alisimama kizimbani kama nguzo ya stima,
kilo nne na robo, kifua mbele,
upanga mfupi umembana kichwani kama kofia ya askari.
Mwamuzi alifungua bawa, akahesabu manyoya,
akashuka miguuni. Akakaa huko.
"Kidole hiki kimepinda."
Akaandika kwa wino, si kwa penseli.
Musembi akanipa mkono wa pole.
Niliunawa nilipofika nyumbani.

Jogoo wa nasaba ana milango miwili,
wa banda na wa jikoni,
na bawabu ni mimi.
Ningemchinja Diwani usiku uleule.
Sikuweza. Nikamwachia majike mwaka mzima,
nikijiambia kidole ni kidole tu.

Nilimpigia Musembi simu, nikakata kabla haijaita.
Nikapiga tena.
"Bosibori," akasema, kana kwamba alikuwa akingoja,
"Jumapili nitakuja. Utapika nini?"

Nilimpikia mtoto wa Diwani, wa miezi minane.
Kuku wa aina hii hupikwi kwa haraka ya gesi:
makaa, tangawizi, chumvi,
saa tatu mfuniko usiguswe,
hadi mafuta ya manjano yaelee
na watoto wa ploti nzima wapite mlangoni
wakitafuta mpira ambao hawajaupoteza.

Musembi alikula kimya. Alivunja mfupa, akafyonza.
Kisha akainua mguu kutoka kwenye bakuli la supu.
Kidole cha kati kimepinda kuelekea kushoto.
Akakitazama. Akanitazama.
Mimi nikatazama sufuria.
Akakitia mdomoni, akakila hadi ukucha.

"Wangu," akasema baadaye, akipangusa vidole,
"wamenyooka kama rula.
Na wakiiva ni kama kutafuna kadi ya harusi.
Miaka kumi nimechagua manyoya, dada.
Nyama ilitoroka nikiwa nahesabu manyoya."
Aliondoka na tembe wawili ndani ya kikapu cha kiondo,
vichwa nje, wakishangaa barabara.

Jogoo wake yuko chini ya mparachichi,
kamba ya katani mguuni, kama ilivyo ada ya mgeni.
Mitetea wanajifanya wanatafuta mchwa upande ule.
Kishungi hajifanyi; amempiga mdomo mara mbili.
Saa kumi alfajiri aliwika, sauti nene, ya mawe,
na mpangaji wa nambari sita akatukana kwa lugha ya kwao.

Nimeandika kwa penseli:
*Jogoo. Wa Njiru. Kidari chembamba. Vidole vyote sawa.*
Nafasi ya jina nimeiacha wazi.
Diwani yuko banda la pili, anamjibu.
Maji yapo jikoni.
Sijayateleka.