Matengenezo

Alhamisi skrini iliandika: Tunafanya matengenezo.
Asanteni kwa subira.
Ijumaa, vilevile.
Jumamosi neno "asanteni" likaondolewa,
nikajua.

Kibanda changu kipo Isevya, ubavuni mwa muuza chipsi:
bati la buluu, simu tatu, daftari.
Hapa ndipo watu walipoletea Kisima noti zao,
zenye harufu ya tumbaku, ya samli, ya kwapa,
nami nikazigeuza tarakimu,
sarafu isiyolia ukiiangusha.

Mwanzoni walikuja mmoja mmoja
wakijifanya wanataka vocha.
"Mama Sikujua, eti umesikia?"
Sijasikia.
"Mwenye Kisima kaonekana stesheni,
ana begi moja, anaulizia treni ya Kigoma."
Kufika saa saba mabegi yalikuwa matatu.
Jioni hakuwa yeye tena, alikuwa mkewe,
na treni imekuwa ndege.

Mtu wa Kanyenye alisema mitambo imeungua.
Mtu wa Cheyo akabisha: haikuungua, imefungiwa.
Na kuna mpwa wa mtu fulani, huko Nzega,
ambaye asubuhi ileile alitoa pesa yake yote
bila shida yoyote.
Hakuna aliyemjua mpwa huyo.
Wote walimwamini.

Mwalimu Mihayo alikuja na bahasha ya kaki,
ndani yake kiinua mgongo chake,
si fedha, karatasi:
kalichapisha salio kila mwisho wa mwezi, kwa rangi,
kurasa kumi na moja.
"Wasije wakakataa," alisema,
akaomba nimgongee muhuri.
Nikamgongea. Muhuri wangu ni wa vocha.

Shija wa bodaboda akapanda juu ya benchi.
"Uvumi ndio unaoua! Kisima hakijakauka,
ni ninyi mnachota wote kwa pamoja!
Tulieni, kitajaa!"
Watu wakatulia. Wengine wakaitikia kwa vichwa.
Kisha kila mmoja akainamia simu yake
akabonyeza TOA.
Shija naye, palepale juu ya benchi.

Kasanda mrina asali alifika wa mwisho,
baiskeli, ndoo mbili tupu zikigongana.
Hakuuliza kitu. Alitoa simu,
akaipiga mgongoni kwa kifundo cha kidole, mara mbili,
akaitega sikioni
kama anavyofanya kule porini juu ya mti.
"Mzinga wenye nyuki huvuma," akasema.
"Wakishahama, kwa nje ni uleule.
Hata nta bado inanukia."
Akatutazama. "Hapa pote panavuma,
ila si humu ndani."

Nami nikatazama daftari.

Jumatatu ile, saa nne na robo usiku,
aliyenisajili, yuko Mwanza,
alinitumia maneno mawili: Toa leo.
Kisha akayafuta.
Nikatoa. Laki sita na elfu arobaini,
kwa mikupuo miwili,
simu ikitetemeka kando ya sufuria.
Nikasonga ugali wangu. Nikala.

Jumanne asubuhi Kasanda alileta elfu themanini,
ya asali ya Juni, noti zinanata.
Nikazihesabu mara mbili, maana zilishikana.
Nikamwekea.
Nikampa risiti.
Kamisheni yake nilinunulia sabuni ya mche.

Ningesema nini? Ningesema,
ningekuwa mimi ndiye uvumi,
na benchi lile Shija angelipanda kunitaja jina.
Nikanyamaza,
nikawa matengenezo.

Sasa wiki ya tatu. Muuza chipsi kahamia karibu na soko.
Mwalimu hupita upande wa pili wa barabara.
Bado wapo wanaoniletea simu zao,
wananitajia namba za siri kwa sauti,
hawaangalii hata nyuma.

Na Kasanda, kila asubuhi akielekea porini,
hushusha mguu mmoja mbele ya kibanda.
"Bado wanatengeneza?"
"Bado."
"Haya," husema,
na hukanyaga pedeli.