Mita Moja na Nusu

Mashine ya mlangoni imenitemea karatasi: B 214.
Ubao unasema B 87.
Nimetoka nyumbani mara baada ya alfajiri
na bado kuna watu mia na ishirini na sita
baina yangu na kile kioo.
Sijui wenzangu walilala wapi.

Sitaki ghorofa. Sitaki duka.
Nataka chumba kimoja cha chini na choo chake,
mlango mpana upitishe kiti cha magurudumu,
kwa sababu goti la mama limekataa ngazi tangu Mfungo Mosi,
na goti halisomi sheria za ujenzi.

Safari ya kwanza, muhuri wa ramani ulikuwa wa buluu.
Unatakiwa wa kijani.
Nikaleta wa kijani; saini imevuka mstari.
Nikarudi na saini iliyokaa adabu,
nikaambiwa mtandao umelala.
Umelala! Kama mtoto aliyeshiba maziwa,
na sie ukumbi mzima tukanong'ona tusiuamshe.
Ile ya Alhamisi siihesabu.

Leo ni kijana, jina lake liko kifuani: Mundhir.
Kanzu nyeupe pe, kofia ya nakshi za zambarau.
Kiarabu changu ni cha ukubwani,
kila penye 'ain kinajikwaa, kinainuka, kinajifuta vumbi.
Anakingoja kifike. Kisha anasema:
ukuta wako uko mita moja na robo kutoka kwa jirani.
Inatakiwa mita moja na nusu.

Robo mita!
Shubiri na kidole,
na kwa shubiri na kidole mama analala sebuleni,
kichwa kwenye televisheni, miguu kwenye viatu vya wageni.

Nikamgeukia dada yangu Thuwaiba
nikasema kwa Kiswahili, kwa raha zangu,
maana Kiswahili humu baladia ndicho chumba chetu cha ndani,
hicho hakijengwi kwa kibali:
"Huyu kanyweshwa gundi, huyu.
Uso kama mlango wa benki siku ya Ijumaa.
Na hiyo kofia, bora ingefunikiwa birika."
Thuwaiba kacheka mpaka mtandio umemshuka.

Kijana hakuinua macho.
Simu yake ikalia.
"Naam, bibi. Dawa ya presha iko juu ya friji.
Siyo nyekundu. Ile ya kukata nusu.
Umekula? Basi kula kwanza, usinitie roho juu."

Kiswahili. Tena cha mjini, cha Ng'ambo,
kile cha kuvuta neno mpaka liombe samahani.

Sakafu ya baladia ni marumaru.
Nimeitazama yote. Haina ufa wa kummeza mtu.

Akaweka simu chini.
"Mama," akasema, taratibu, "birika letu lina kofia yake."
Kisha kwa penseli akazungushia duara kwenye mchoro.
"Mhandisi asogeze choo, ukuta utamfuata.
Njoo Jumapili. Usichukue namba, njoo kwangu."

Jumapili nikaenda. Namba sikuchukua.
Nyuma ya kioo kuna mwanamke, anapanga klipu kwa rangi.
Mundhir? Kahamishiwa mabango ya maduka.
Duara la penseli? Akaligeuza huku na huku
kama mtu aliyeokota kitufe kisicho chake.
"Namba yako?"

B 301.

Nimerudi Mabela jua la utosi.
Uani, nyuma ya tangi la maji,
mama kamsimamia mjukuu wake Azzan na chaki:
hapa kitanda, hapa dirisha, vuta, vuta tena, hapa choo.
Yeye mwenyewe kakaa katikati, kwenye kiti,
bakora mapajani, mstari mweupe umemzunguka pande nne.
Nikamwendea na bahasha yangu.
Akaninyooshea bakora.

"Rudi nyuma upige hodi," akasema.
"Umepitia ukutani."