Safu ya Sababu

Kwenye fomu yetu pale Chumbageni
kuna safu nyembamba, upana wa vidole viwili,
juu yake pameandikwa: Sababu ya kuomba silaha.
Mimi ndiye ninayegonga muhuri. Mwaka wa kumi na moja huu.
Hofu yote ya Tanga, ya mjini na ya mashamba,
sharti ienee kwenye vidole viwili.

Wengi huandika: ulinzi wa mali.
Kalamu haitetemeki.
Goti ndilo linalotetemeka, chini ya meza,
nalijua kwa chai yangu inavyofanya mawimbi kikombeni.

Shemhilu wa Maramba aliandika: nguruwe.
Neno moja, akatia nukta, akanyanyuka.
Mahindi ekari mbili, nguruwe saa nane za usiku.
Nilimwonea wivu.

Hizza wa duka la jumla, Barabara ya Kumi na Tatu,
alifungwa kamba za katani na vijana watatu
mkewe akitazama.
"Milioni sita," akasema, "hizo Mungu atarudisha."
Kisha akanyamaza, akaangalia feni.
Kilichobaki hakikuenea kwenye safu,
basi naye akaandika: ulinzi wa mali.
Aliyeumwa na nyoka, wasema, akiona ung'ongo hushtuka;
Hizza akiona mkonge huvuka barabara,
na mkonge, mkoa huu, utaukimbilia wapi?
Bunduki ile hakuwa akiwaombea wale vijana.
Aliiombea macho ya mkewe,
apate cha kuyajibu
kila anapozima taa.

Mnkande alikuja na gobole la babu kwenye gunia,
mtutu umeota kutu, haliwezi kupiga hata chafya.
"Lisalimishe, nikupe stakabadhi."
Akalipakata kama mtoto mwenye homa.
"Dada, nikilitoa hili, nitasema mimi ni nani?"
Nilitafuta pa kuandika hilo.
Nikampa maji.

Halafu Bi Riziki wa Mikanjuni, yeye alikuja kurudisha.
Ya marehemu mumewe. Ina leseni, imepakwa mafuta,
inang'aa kuliko sufuria za sikukuu.
Fomu ya kurudisha nayo ina safu yake.
"Kabla haijaingia ndani," akasema,
"paka akipita juu ya bati alikuwa paka.
Ilipoingia, paka akawa mtu.
Upepo ukawa mtu. Fenesi likidondoka, mtu.
Baba Kombo akaacha kulala, akawa analinda usingizi wetu
mpaka na sisi hatuupati.
Usiku mmoja Kombo katoka mpirani,
kasukuma mlango wa uani bila hodi,
na baba yake ameshaiinua."
Akajifunga upya mtandio.
"Mtoto alikohoa. Andika hivyo: kikohozi."

Nikaandika: kikohozi.
Mkuu wangu aliuliza kama ni ugonjwa.

Jioni, nikinunua kashata, nawasikia wa kijiweni
wanabishana mpaka kahawa inapoa:
kila nyumba iwe nayo! Zikusanywe zote, zifukiwe!
Anayetaka anamwogopa mgeni.
Anayekataa anamwogopa jirani.
Kila mmoja anamwona mwenzake mjinga,
na wote wawili nyumbani wana komeo tatu.
Mimi niliyesoma fomu zote
namwogopa yule anayeamka saa nane
amevaa ngozi yangu.

Maana jana, kwangu Mabawa, bati lililia.
Nikaketi kitandani. Sikuita, sikuwasha taa.
Mkono wangu, wenyewe, ukatambaa chini ya godoro
kutafuta kitu
ambacho sijawahi kukiweka.
Uliijua njia.
Ulikuwa umeshajaza fomu, safu zote,
umebakiza muhuri.